Steki Nyuma ya Mlango Uliofungwa

Miaka ile ya tisini niliishi mtaa wa Mowlem na mwanangu wa miaka mitatu, chumba kimoja, pazia likitenganisha stovu na kitanda. Nilifanya kazi za nyumbani kwa mama mmoja mpenda wageni. Alitaka wageni wa Jumamosi wapikiwe steki, akanipa kipande cha nyama na kikaango chake kizito cha chuma nikajifunze kwangu. Maelezo aliyatoa mara moja tu: mafuta yapate moto mpaka yafuke moshi, nyama iwe kavu kabisa, kisha dakika chache kila upande.

Kavu! Kwetu nyama ya buchari haiingii jikoni bila kuoshwa. Imeshikwa na mikono ya nani, imefungwa kwa gazeti la nani? Niliiosha maji mawili, nikaikung'uta kidogo, basi. Kisha nikafunga mlango kwa komeo, maana mwezi ulikuwa kona, watu hawana kitu, na harufu ya nyama ingezua maneno kwa wapangaji wa ploti nzima. Mwanangu alikuwa amelala nyuma ya pazia.

Moshi ulipoanza kunikaba niliogopa. Lakini si ndio niliambiwa niungoje? Nikaitumbukiza nyama.

Mafuta yalilipuka. Yaliruka mpaka ukutani, mengine yakamwagikia stovu, na moto ukapanda ukashika pazia. Nililijali pazia lile kuliko ngozi yangu, kwa sababu mtoto alikuwa upande wa pili. Nililivuta kwa mikono mitupu, likakatika, nikalikanyagakanyaga huku kikaango kikiwaka nyuma yangu. Nilitaka kupiga nduru, sauti ikakataa.

Jirani ndiye aliyepiga. "Moto! Fungua, wewe! Fungua!" Akasukuma kwa bega, komeo likang'oka, akaingia na ndoo ya maji.

Hapo nikapata sauti. "Usimwage! Ni mafuta!"

Akaitua ndoo, akakimbilia kamba ya nguo mlangoni, akarudi na blanketi alilokuwa ametoka kulikamua, akafunika stovu na kikaango pamoja. Moto ukazima.

"Sasa wewe, unapika ama unataka kutuchoma?" aliniuliza.

Nikageukia kitanda. Hakikuwa na mtu. Nilimwita mwanangu, kimya. Nikamwita tena, na hapo roho ilinitoka kweli. Jirani akainama, akamwona chini ya kitanda, amejibanza ukutani, macho wazi, vidole masikioni. Nilimkumbatia mpaka akalia kwamba namuumiza.

Jumamosi niliipangusa nyama ikakauka kama nilivyoagizwa, nikaikaanga bila kisa, wageni wakasifu. Nilirudi nyumbani nimefurahi, nikimsimulia mwanangu jinsi walivyokula. Nikachukua kiberiti niwashe stovu, nipike ugali.

Njiti ilipowaka, mwanangu aliweka kikombe chake sakafuni polepole, akaingia chini ya kitanda.