Shikamoo ya Muuza Waya wa Deki

Kama umekuja kucheka, cheka sasa umalize, maana nikianza sipendi kukatishwa. Haya sikusimuliwa na mtu. Yalinipata mimi mwenyewe, Mikumi, jua likizama, na pombe sijawahi kuionja.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, vitu vya nje vilipoanza kumwagika madukani na kila kijana mwenye vihela akajiona bwana. Nilikuwa sijafika thelathini, nimepanga nyumba Kilosa mjini, namchumbia Tabitha, binti wa katekista mstaafu wa huko milimani. Mzee hakuwa amesema ndiyo wala hapana. Alisema tu kwamba Jumapili atashuka aone ninavyoishi.

Basi nikaigeuza sebule kuwa sinema: televisheni kubwa, deki ya video, spika mbili, mapazia mazito, na kanda ya kwaya ya kumfurahisha mkwe. Kila kitu kilikuwa sawa isipokuwa picha. Ilikuwa inacheza, na wanakwaya wote wana rangi ya kijani kama wagonjwa. Fundi akaniambia deki haina kosa, tatizo ni waya unaoiunganisha na televisheni.

"Hizi za bei chee ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba," alisema. "Nenda Mikumi, malori yanashusha vitu vya maana. Beba sumaku. Ikinasa, achana nao."

Nikadandia lori. Kando ya barabara kuu nikakuta meza ya nyaya, mwenyewe anaondoka kwenda kuswali, akaniambia nichague tu. Nikachuchumaa mbele ya lundo. Napima uzito, nakwangua ncha kwa wembe, naweka sumaku. Inanasa. Nachukua mwingine, nao unanasa. Unajua mtu akizama kwenye kazi anavyokuwa?

Nyuma yangu sauti ikasema taratibu, "Shikamoo."

"Marahaba," nikaitikia bila kugeuka. Nilidhani ni mtoto. Wewe ungedhani nini?

Nilipogeuka nikamkuta mzee. Niamini, mzee hasa, nyusi nyeupe, mgongo umepinda, kidole gumba kina kovu la kuungua na lehemu. Nikasimama upesi kwa aibu. "Nisamehe, mzee wangu. Shikamoo."

Hakuitikia. Alitabasamu kama mtu aliyetuliwa mzigo, akanipa waya mweusi, mnene, mzito. Nikaweka sumaku, haikunasa. Nikauliza bei.

"Umeshaniitikia," akasema. "Yatosha."

Akavuka barabara, na nakuapia, alipofika upande wa pili mgongo wake ulikuwa umenyooka. Ningeuacha waya palepale. Lakini Jumapili ilikuwa karibu, na picha niliitaka.

Jumapili picha ilitulia, rangi zote mahali pake. Katekista akaingia na Tabitha. Kabla sijafungua mdomo kumwamkia, baba mkwe akavua kofia na kuinamisha kichwa.

"Shikamoo, baba."

Tabitha alicheka, akidhani ni utani. Haukuwa utani, kwa sababu mzee alibaki ameinama akisubiri jibu. Sikumwitikia. Niliogopa: nikisema marahaba tena, nani ajuaye nitabebeshwa miaka ya nani? Chai hakuigusa. Mlangoni aliniambia kwa upole, "Utanisamehe. Siwezi kumwozesha binti yangu kwa mtu aliyenizidi umri." Tabitha akaolewa Magole, na mpaka leo naumia.

Kwenye kioo sura yangu ilikuwa ileile. Vijana wenzangu hawakuona tofauti yoyote. Ni wazee tu, kila mzee, walioniamkia. Nikaurudisha ule waya Mikumi. Mwenye meza akasema hajawahi kuuza waya wa aina ile. Pembeni yake kijana alikuwa anafungua redio, nywele nyeusi tii, na kidole gumba chake kina kovu la lehemu. Nilimwamkia shikamoo.

"Mzee, usinitanie," akasema. "Mimi mdogo kwako." Akaendelea na kazi yake.

Sasa lililoniua kabisa. Mama yangu alikuwa akiishi Kimamba, na nilimkwepa muda mrefu, bila shaka unajua kwa nini. Nikapata habari kwamba anaumwa, nikaenda. Nilimkuta amekaa mlangoni anachambua mchicha. Akanitazama, akafuta mikono kwenye kanga, akainuka kwa shida na kupiga goti.

"Shikamoo, baba. Karibu. Unamtafuta nani?"

Nilimwambia ni mimi, mwanawe. Akasema mwanawe ni kijana, yuko Kilosa, atakuja tu siku moja. Kisha akabaki vilevile, goti limekunjwa, akisubiri nimwitikie.

Sikumwitikia. Alifariki mvua zilipoanza, na majirani wanasema hadi mwisho alikuwa akiuliza kama nimefika.

Kwa hiyo ukisikia shikamoo nyuma yako, hata kama mikono imejaa kazi, geuka kwanza umwone anayekuamkia.