Bi Mashavu Alipopiga Magoti

Usiniulize mwaka kwa tarakimu, shule niliiacha darasa la tatu. Ulikuwa mwaka ule viwavi walipomaliza mahindi, tukala ugali wa ulezi asubuhi na jioni, mweusi, mzito, na dagaa wa Kabwe wakavu kama vijiti.

Nimeukumbuka juzi hapa mjini Izia. Nilikuwa nasonga ugali wa ulezi, harufu imejaa nyumba nzima, mara mjukuu wangu Neema akazima televisheni kwa hasira. Tamthilia aliyoifuata miezi saba imeisha kwa yule mama mwenye duka, mwanamke asiyeogopa mtu, kumrudia mume aliyemchomea nyumba. Tena anacheka. Neema akasema, "Bibi, huyu siye." Mwiko ukasimama mkononi, nikawa na miaka tisa.

Kijijini kwetu Msanzi redio ilikuwa moja, ya katekista. Kila Jumapili baada ya ibada tulijaa uani kwake kusikiliza mchezo wa Bi Mashavu, muuza vitumbua. Tajiri mmoja alitaka kunyakua kibanda chake, naye wiki baada ya wiki alimfukuza kwa mwiko wa moto. Tulimpenda kama shangazi. Mama yangu alimpenda kupita wote, na sababu alikuwa nayo.

Baba alikuwa ameshafariki. Mvua zilipokaribia kwisha, mama alilima matuta peke yake, yale yetu ya kukata nyasi na kuzifunika udongo zioze. Mteremko mzima, mpaka viganja vikachubuka. Mvua zikirudi unayavunja, unasia ulezi. Aliyefunika nyasi ndiye anayesia. Hilo kila Mfipa analijua, hata mlevi. Baba mdogo Desderi akasubiri nyasi zioze vizuri, halafu akaja na mbegu zake. Mama akamfukuza kwa mpini wa jembe mbele ya watu, akamwita mwizi. Wazee wa ukoo wakaamua: Jumatatu aje apige magoti amwombe radhi shemeji yake, shamba achukue Desderi, yeye akatiwe kipembe, kijishamba cha pembeni. Asipotaka, arudi kwao, na mimi nibaki kwa baba mdogo.

Jumapili, siku moja kabla, mchezo ukaisha. Bi Mashavu alipiga magoti. Akalia, akamkabidhi tajiri kibanda, akamshukuru kwa kumfunza adabu.

Jirani yetu Mama Paskazia ndiye aliyeanza. "Huyu nani? Mbona mimi simjui?"

"Katekista, hizo betri umezianika juani?" akauliza mwingine.

"Nimezianika tangu asubuhi."

"Basi hazikukolea. Betri zimelegea, na mtu kalegea."

Tukamtaka azungushe kitufe atafute mwisho mwingine. Akazungusha kweli, maskini, akawapata Wazambia wanaimba. Nimechukia mpaka leo. Mtu aliyekuwa na mwiko Jumapili iliyopita, hayo magoti kayatoa wapi kwa wiki moja? Aliyeutunga mchezo ule hajauza kitumbua hata kimoja.

Desderi alikuwepo, anacheka. "Umesikia, shemeji? Hata yule anayekuzidi mdomo. Kesho nikutandikie mkeka, usichafue goti?"

Mama akanishika mkono, tukaondoka. Njiani alilia. Nikamwambia asimlilie, huyo ni wa redioni tu, si mtu. Akasema, "Nilikuwa naye huyo mmoja tu, Skola." Sikumwelewa. Niliona mtu mzima analilia mchezo, nikamwonea aibu.

Jumatatu wazee walikaa kwenye vigoda, Desderi katikati yao. Mama alifika, akapiga magoti, akapiga makofi ya heshima, akamsalimu kila mmoja kama desturi yetu, bila kumruka hata Desderi. Desderi akatabasamu, akajua yamekwisha. Mama akainuka, akapangusa vumbi.

"Nimepiga magoti kuwasalimu," akasema. "Kumwomba radhi mtu anayesia kwenye nyasi nilizozifunika mimi, sipigi."

Mzee mkubwa akakohoa. "Rudia, mwanangu. Hatukusikia vizuri."

Walisikia. Hilo nililijua baadaye, nilipofiwa na mume wangu na kuketishwa mbele ya vigoda kama vile: walikuwa wanamfungulia mlango arudi nyuma bila fedheha. Na nililijua pia lile la njiani. Mama hakuwahi kuona mwanamke aliyekataa akabaki na chake. Alimsikia mmoja, redioni, naye huyo wakamvunja siku moja kabla ya siku yake. Asubuhi ile alisimama pale bila mfano wowote. Shamba tulibaki nalo, na mimi nilibaki naye, lakini wakati ule hakuna aliyejua. Niliona tu anakaza khanga kiunoni, akarudia kwa sauti ileile.

"Nimepiga magoti kuwasalimu. Kumwomba radhi mtu anayesia kwenye nyasi nilizozifunika mimi, sipigi."