Seva Iliyojiita Mimi

Nyumba ya kupanga sijalala tangu nijenge yangu hapa Matsangoni, na sikuona sababu ya barua zangu kulala kwa watu. Nilimwambia hivyo meneja wa hoteli moja ya Watamu aliponitaka bei ya kuezeka upya banda lake la kulia chakula. Aliitaka kwa barua pepe, kabla ya Ijumaa kwisha. Nikamwambia ataipata, tena kutoka kwa anwani yenye jina la kazi yangu, kwenye mashine iliyo nyumbani kwangu. Akacheka. Akasema, mzee, tumia hizi za bure kama sisi wengine.

Ningalinyamaza hapo ningalipona. Lakini kuezeka makuti sikufundishwa darasani, niliishia la tatu, na leo nina mapaa kutoka Takaungu hadi Malindi ambayo hayavuji. Mashine ya barua ni kitu gani?

Nikanunua kompyuta ya mtumba iwe seva yangu, yaani mashine ya kutuma na kupokea barua, nikaiweka juu ya kabati la vyombo, mbali na kuku. Maelezo ya Kiingereza alinisomea mke wangu, kwani amesoma kunishinda na haoni haya kunikumbusha. Kumbe mambo yenyewe ni ya kawaida. Mtandaoni kuna mahali majina yanaandikishwa, wanapaita DNS, ili anayekutafuta kwa jina aonyeshwe namba ya mashine yako. Rekodi moja inasema jina hili liko namba hii. Nyingine inasema barua zake zipokelewe mlango huu. Ya tatu inasema nani ameruhusiwa kutuma kwa jina langu, na hiyo niliipenda sana, maana kuna fundi mmoja wa Dabaso ana tabia ya kwenda mahotelini akisema nimemtuma mimi.

Jumatano tukajaribu. Mke wangu alikaa na simu yake, mimi kwenye mashine, nikamwandikia kuwa samaki wa jana alizidi chumvi. Hakupata kitu. Barua ikanirudia mwenyewe, na Kiingereza kingi juu yake. Tukatuma tena, ikarudi tena. Mafundi wangu walikuwa uani wakichagua makuti, na bila kazi ya Watamu hawakuwa na paa jingine la kupanda mwezi ule. Hapo nikamwita mke wangu aje kwenye mashine.

Mke wangu akavaa miwani, akaisoma ile barua iliyorudi, mara akaanza kutikisika kwa kicheko.

"Mashine yako ikifika mlangoni kwa watu inapiga hodi," akasema. "Inaulizwa nani. Unajua inajibu nini?"

Nikasogea nione.

"Inajibu, mimi."

Wakati wa kuitayarisha, mashine iliniuliza jina lake, nami nikaandika mimi. Iko kwangu, ijiite nani? Na ndivyo ninavyoitika milangoni maisha yangu yote. Mke wangu amegombana nami kwa hilo tangu tuoane. Nikipiga hodi akauliza nani, nasema mimi, naye huniacha juani akiuliza mimi gani, na sauti anaijua vizuri sana.

"Hawa hawaijui sauti yako, bwana," akasema. "Sema jina kamili."

Nikaiandikia jina kamili: barua, nukta, kisha jina lote la kazi yangu mpaka mwisho. Ikabaki rekodi moja. Wanaopokea barua huitazama namba pia, wakauliza ni ya nani, na jibu hilo huliandika kampuni inayotuletea intaneti. Nikawapigia simu. Akapokea mama mmoja mwenye adabu zake, akaniamkia shikamoo, akauliza anazungumza na nani.

"Mimi," nikasema.

Mke wangu ilibidi atoke nje.

Alhamisi jioni namba ikawa inataja jina, na jina linataja namba. Nikamwandikia mke wangu habari za samaki tena. Simu yake ikalia, akasoma, akanijibu kwa barua pepe hiyohiyo kuwa kesho nipike mwenyewe. Ndiyo barua ya kwanza kuingia kwangu. Nikatuma bei Watamu papo hapo.

Ijumaa meneja akajibu. Bei ameikubali, makuti yaanze kuletwa Jumatatu. Chini akauliza, kwa mzaha nafikiri, barua hii imetoka wapi hasa.

Nikamjibu: juu ya kabati la vyombo.