Anayekamua Ndiye Atie Saini

Nakumbuka asubuhi moja ya baridi hapa Karatu, ukungu umeshuka mpaka kwenye mabati, nilipofika dirisha la benki na hundi ya kwanza maishani mwangu. Dada wa dirishani aliisoma, akaigeuza, akanirudishia.

“Mama, hii si yako.”

“Si yangu? Kuku nimekaanga mimi, mayai nimechemsha mimi!”

“Sikatai, mama. Lakini tazama jina. Imeandikwa Nashipai Chakula cha Safari. Hiyo ni biashara. Akaunti uliyonayo ni ya akiba, kwa jina lako mwenyewe. Biashara yako haina akaunti hapa.”

Mwanangu, najua umeshaanza biashara yako na sasa unaambiwa uifungulie akaunti. Nimekusikia ukisema ni usumbufu wa bure, simu yako inatosha. Kaa nikusimulie jinsi nilivyofungua yangu, na nani alinifundisha. Mwalimu huyo hakuwahi kuingia benki kabla ya siku hiyo.

Nilikuwa mke kijana, mtoto wangu mmoja tu, Nashipai, ambaye ndiye aliyenipa jina la Mama Nashipai. Mume wangu alikuwa kijijini Soitsambu, upande wa Loliondo, na ng'ombe. Mimi nilikuja Karatu kutafuta, nikaanza kupika lanchi boksi za watalii wanaoshuka kreta, lile bonde la wanyama. Kama hujawahi kuiona kazi hiyo, ni hivi: kipande cha kuku, yai, chapati iliyokunjwa, ndizi, keki ndogo na juisi, vyote ndani ya boksi la karatasi. Dereva anasimamisha gari kabla jua halijatoka, anapokea, anaondoka ili awahi geti la hifadhi. Ukichelewa kidogo tu, kesho anasimama kwa mwingine.

Madereva walinilipa noti mkononi, nami nilizifunga kwenye pindo la khanga. Pindo hilohilo lilinunua kuku, sabuni, dawa ya mtoto na vocha ya simu. Nilidhani ninafanya biashara. Kumbe nilikuwa nimebeba fundo tu.

Kisha kampuni moja ya watalii ya Arusha ikazipenda boksi zangu. Meneja wao akanipigia. Walitaka niyapikie magari yao yote msimu mzima, lakini ofisi yao hailipi noti. Wakanitumia hundi ya wiki ya kwanza, ndiyo hiyo niliyorudishiwa. Nilipompigia kumweleza, hakuwa mkali.

“Mama, fungua akaunti ya biashara kabla ya Ijumaa. Ukishindwa nitampa kazi mwingine, na usinilaumu.”

Ilikuwa Jumanne.

Hapo ndipo nilipomkimbilia shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu. Sisi tunamwita Baba Saitoti. Alikuwa na duka la saruji na mabati hapa mjini, mtu wa koti na kofia, anayesalimiwa na kila mtu. Fremu niliyopikia, chumba cha duka kando ya barabara, ilikuwa yake na hakunitoza kodi. Leseni yangu ya biashara, namba ya mlipakodi, cheti cha jina la biashara, vyote yeye ndiye aliyenielekeza ofisi za kwenda. Sitaki umfikirie vibaya hata kidogo. Watu wanapenda hadithi ambazo shemeji ni mwizi. Huyu hakuwa mwizi. Alikuwa mtu mwema aliyezoea kuamua.

“Twende Alhamisi,” akasema. “Meneja wa benki ananijua. Mimi ndiye nitakayetia saini, wewe ubaki na sufuria zako. Mambo ya benki ni ya kusimama foleni.”

Nikasema asante. Kisha nikaanza kuhesabu siku. Baba Saitoti alikuwa akisafiri mara kwa mara kwenda Wasso, huko Loliondo, na lori la saruji, na ukiijua barabara ile unajua anayekwenda anaweza asirudi hata wiki mbili. Muuza kuku angesubiri saini yake wiki mbili? Lakini ningemwambiaje mkubwa wangu, mwenye fremu, kwamba sitaki jina lake? Akikasirika, jiko langu lingekuwa barabarani. Usiku huo nilikaanga kuku mpaka wakaungua.

Alhamisi tukaenda watatu, kwa sababu Koko alikuwa mjini. Koko kwetu ni bibi, na huyu alikuwa mama mkwe wangu, mama yake Baba Saitoti na mume wangu. Alikuja na basi kutoka Loliondo kutibiwa macho, na shemeji alitaka kumpitisha hospitali baada ya benki. Akakaa kwenye kiti cha plastiki kati yetu wawili, shuka jekundu, shanga shingoni, fimbo yake magotini. Kiswahili alikijua cha salamu tu. Dada wa benki akamwambia “Shikamoo, Bibi,” naye akajibu “Marahaba” kwa sauti kubwa, akafurahi, kisha akaanza kutazama kila kitu kwa jicho lake moja zima.

Dada yule alipokea karatasi zangu moja moja. Leseni. Cheti. Kitambulisho. Barua ya serikali ya mtaa. Picha ndogo ambazo nilionekana kama mtu aliyekamatwa. Akasema kila kitu kiko sawa, nikapumua. Kisha akauliza:

“Nani atakuwa mtia saini? Yaani nani ataruhusiwa kutoa fedha na kuandika hundi?”

“Niandike mimi,” akasema Baba Saitoti.

“Peke yako, mzee? Mama naye?”

“Mama yuko jikoni. Asisumbuke.”

Dada akanitazama. Nikatazama meza. Koko akauliza kwa Kimaasai wanazungumza nini. Nikamweleza kwa sauti ya chini: hapa ndipo wanapotaka kujua nani atachota kilichomo, na Baba Saitoti ndiye atakayechota.

Koko akamgeukia mwanawe, bado kwa Kimaasai.

“Ng'ombe wa nyumba ya Mama Nashipai, yeye akiwa huko nyumbani, nani huwakamua?”

“Yeye, Yeyo,” akajibu. Yeyo ni mama.

“Wewe huamka asubuhi ukaingia zizini na kibuyu?”

Kofia yake ikasogea. Kwetu, mwanangu, mwanamume huchunga, hununua, huuza, hulinda. Kukamua ni kwa mwanamke, na maziwa yakishaingia kwenye kibuyu, hata mwenye boma huomba. Mzee mzima kuulizwa kama anakamua ni kama kuulizwa kama anavaa sketi.

“Sijawahi, Yeyo.”

“Basi kibuyu chake unakishikia nini?”

Dada wa benki akaona nyuso zetu. “Bibi anasemaje?”

Hapo nikatamani ardhi ipasuke. Nitafsiri nini? Niseme nini juu ya mtu aliyenipa fremu, mbele ya foleni nzima ya watu wanaomsalimia?

Baba Saitoti akavua kofia, akaiweka magotini. Akakohoa. Kisha akasema kwa Kiswahili safi, kila mtu asikie:

“Mama yangu anauliza kama mimi hukamua ng'ombe.”

Mzee mmoja wa Mang'ola aliyekuja kuweka fedha za vitunguu akacheka mpaka akashika ukuta. “Na jibu, Baba Saitoti? Tujibu na sisi!”

“Sikamui,” akasema shemeji, naye akaanza kucheka. “Dada, futa jina langu. Mwandike mwenye kukamua.”

Nimewaona watu wengi wakubwa maishani mwangu. Sijamwona aliyekuwa mkubwa kama yeye pale kwenye kiti cha plastiki, akitafsiri mwenyewe maneno yaliyomshusha. Angeweza kutafsiri kingine. Dada asingejua, foleni isingejua, na mimi nisingethubutu kusema. Fremu sikunyang'anywa. Nilipomaliza kutia saini yangu mara tatu kwenye kadi yao, yeye ndiye aliyesema, “Nzuri. Ya kwanza imepinda, lakini ya pili ni ya mtu mwenye mali.”

Ijumaa nikampigia meneja wa Arusha nikamtajia namba ya akaunti. Leo, asubuhi ukisimama barabarani, magari mengi yanayopanda kwenda kreta yana boksi zangu nyuma. Nashipai ndiye anayesimamia jiko, na wanawake kumi na mmoja wanalipwa mshahara kupitia akaunti ileile. Nikipita mbele ya benki ile, mabega yangu hunyooka yenyewe. Sioni aibu kulisema.

Lakini Koko hakuwa amemaliza. Kitabu cha hundi kilipotoka nilimpelekea akione. Akakishika, akakinusa.

“Hakina moshi,” akasema.

Nikacheka. Yeye hakucheka. Unajua kibuyu cha maziwa husafishwa kwa kijinga cha moto, kikapata harufu ya moshi, la sivyo maziwa huharibika. Alitaka kujua nitakisafishaje hiki. Tangu siku hiyo nikajiwekea Jumamosi jioni, jiko likishapoa. Natoa taarifa ya benki na vipande vilivyobaki kwenye kitabu cha hundi, nalinganisha kimoja kimoja. Mara mbili nimekuta makosa, moja la benki na moja langu. Yote mawili yalirekebishwa kwa sababu niliyaona mapema.

Kwa hiyo, mwanangu, sikiliza. Ifungulie biashara yako akaunti yake, kwa jina lake, kabla mteja mkubwa hajakuuliza. Uliza makato ya kila mwezi mapema, kwa sababu akaunti ya hundi haikuzi fedha kama ya akiba, na wengine hushtuka. Usiweke saini ya mtu kwa sababu ni mkubwa au amekusaidia. Mshukuru kwa njia nyingine. Kama ni kikundi, wekeni saini mbili, za watu wanaofanya kazi yenyewe. Jilipe mshahara, kisha usiguse kilichobaki. Ukikamua unamwachia ndama chuchu za upande mmoja, na hiyo ni sehemu ya ndama. Na kila wiki kifukize kibuyu chako.

Na siku ukiwa wewe ndiye mkubwa, mwenye koti na kofia, kijana akakuletea karatasi zake, jiulize kama unakamua. Kama hukamui, vua kofia, useme kwa sauti.

Mungu wa Koko, aliyempa jicho moja likaona kuliko macho yetu manne, akupe mkono usiopindisha hata saini ya kwanza. Ng'ombe wako wazae, ndama wako washibe, na asubuhi ukiamka kwenda kazini usikute kibuyu chako mikononi mwa mwingine.