Chelezo cha Kumbi na Posa ya Dada Kadzo

Wenzangu tuliokulia pwani hii kabla ufukwe haujazungushiwa kuta za hoteli, mnakumbuka kwamba ndara ilikuwa na maisha mawili? Ya kwanza yalikuwa mguuni. Kamba ikikatika unatia msumari, ikikatika tena unatia waya, na kisigino kikishatoboka ukawa unakanyaga mchanga kama hujavaa kitu, hapo ndara inaanza maisha ya pili, ya chelezo, kile kinachoelea kwenye mshipi wa kuvulia. Baba alikuwa akiikata kipande mfano wa yai, akakitoboa katikati kwa msumari wa moto, nyumba nzima ikanuka mpira ulioungua hadi mama anatoka nje na sufuria yake. Harufu ile naipenda mpaka leo. Wengine wanapenda udi.

Mjukuu wangu yeye ana chelezo alichoagiza kwa simu. Kina betri na taa nyekundu, nasikia kinaonekana gizani kama gari la polisi. Ila kufunga fundo hajui mpaka simu imwonyeshe. Juzi simu ilizima akiwa mwambani, akarudi nyumbani kajizungushia mshipi kama mbuzi aliyecheza na kamba yake.

Sisi taa yetu ilikuwa chokaa. Unakipaka chelezo kikawa cheupe, unapitisha mshipi kwenye tundu, unaubana kwa njiti ya ufagio ili kisiteleze, chini yake unaacha pima moja na nusu za mikono ya baba, kisha risasi ndogo ya kuuvuta mshipi chini, kisha ndoana na kipande cha dagaa. Kule mwambani ndoana ikifika chini inanasa kwenye mawe na huioni tena. Chelezo kazi yake ni kuining'iniza juu ya mawe, na weupe wake ukizama unajua umeliwa. Nimeacha shule darasa la tatu, lakini chelezo hata nikiamshwa usingizini nitakifunga.

Basi nilikuwa nataka kuwaeleza habari za dada yangu Kadzo. Aliposwa na kijana mmoja, Kahindi, fundi cherehani wa Kaloleni. Kaloleni mnaijua, milima na minazi, bahari wanaisikia kwa watu. Baba alikuwa mvuvi, na wavuvi wana majivuno yao. Akasema, "Mahari ya maneno siitaki. Aje afunge chelezo, avue samaki mmoja usiku mmoja. Asipovua, arudi kwao akagemee watu tembo."

Kadzo hakula siku ile. Akanivuta nyuma ya jiko. "Wewe utabeba chambo. Tazama kila kitu, uje uniambie. Na ukicheka nitakukata masikio."

Kahindi alikuja na shati lililopigwa pasi. Hebu fikirini, shati la pasi mwambani! Akasalimu kwa adabu, "Shikamoo baba," kisha akatoa mfukoni chelezo chake mwenyewe. Watu wa minazi bwana! Alikuwa amekichonga kwa kumbi bichi la dafu, kimeviringana vizuri kuliko mayai ya kuku wetu. Baba akakipokea, akakigeuzageuza, akasema, "Kizuri," akamrudishia. Mimi nikajua hapo pana balaa, kwa sababu baba hakuwa mtu wa kusifu kitu.

Tukakaa mwambani. Giza, harufu ya mwani, chumvi inakauka mdomoni. Cha baba kimesimama wima majini, cheupe, kikavu, kama askari wa gwaride. Cha Kahindi kikaelea, kikayumba, kikazama. Akavuta kwa nguvu zote. Dagaa wake yuleyule.

"Umempata?" baba akauliza.

"Kaponyoka, baba."

"Mkubwa?"

"Mkubwa sana."

Akatupa tena, kikazama tena. Mara hii baba alicheka mpaka akakohoa. "Pole mwanangu. Leo bahari yote imekufuata wewe." Kikazama, akavuta, baba akacheka. Mimi nimejifunika kanga mdomoni nikiyakumbuka masikio yangu, na moyoni nasema Kadzo wa watu ndiyo basi tena.

Mwisho baba akamwonea huruma. "Kumbi bichi linakunywa maji kama mlevi. Hujaliwa na samaki hata mmoja tangu tuje."

 Kahindi akaanza kucheka, kicheko cha kujishika mbavu. "Kumbe nilikuwa napigana na kumbi! Basi baba, tuliache linywe. Huenda likilewa litaniambia samaki wako wapi."

Akaliacha lizame. Na kwa kuwa maji yalikuwa yamejaa wakati sisi tunacheka, chambo cha baba kilikuwa kinaning'inia juu peke yake, samaki wote wako chini. Kumbi lililolewa likapeleka ndoana kulekule, na kwa bahati haikunasa kwenye mawe. Mshipi ukakaza, Kahindi akateleza kwa makalio, suruali ya pasi ikapasuka, na samaki akatoka, tewa mnene, mdomo wazi kama anayeuliza nani kanifanyia hivi. Baba hakupata kitu.

Nyumbani Kadzo alikuwa mlangoni. Baba akampita bila kumtazama, akamwambia mama, "Kijana hajui kuvua." Dada akashika mwimo wa mlango. Baba akaendelea, "Lakini nimemcheka tangu jioni na hakununa. Chemsheni chai."

Miaka ya baadaye baba alikuwa akijigamba kwamba alikuwa anampima uvumilivu. Mama akamwambia, "Uvumilivu gani? Ulikuwa unataka wa kumcheka." Kahindi naye hakuvua tena maishani, samaki alinunua sokoni. Walizeeka pamoja yeye na Kadzo, wakichekana mchana na usiku, mpaka majirani wakachoka.

Mwezi uliopita mjukuu wangu wa kike aliposwa. Kijana kaja na gari, kaleta keki, katoa shikamoo kwa kila mtu hadi kwa watoto, na mambo yote yakaisha chai haijapoa. Wenzangu wananiuliza, mbona bibi hukupiga vigelegele kwa nguvu? Nilipiga. Kijana ni mzuri, ananukia vizuri, simu yake haiishi chaji. Ila nimemtazama mpaka akaondoka, na sijui nimpe mjukuu wangu vipi mtu ambaye sijamwona akichekwa.