Nilimtaja Mwanamume Mbele ya Bwana Shamba

Ndugu Mhariri, jina langu lifiche, na kijiji usikitaje. Sema tu ni upande wa Mugumu. Nina miaka ishirini na sita na watoto wawili wa kiume. Kuandika nimejifunzia elimu ya watu wazima, kwa hiyo makosa mtanisamehe.

Mimi nimeolewa na mwanamke. Wasomaji wa mbali msishangae, kwetu Wakurya ni jambo la kawaida. Mama huyu hakujaliwa mtoto wa kiume, akanitolea ng'ombe kwa baba yangu kule Tarime ili nimzalie, nyumba yake isife. Watoto ninaozaa ni wake. Mwanamume ninayezaa naye hana usemi, anakuja na kuondoka, na hatajwi kama baba. Miaka minane nimekaa na Mama, hajanitukana hata siku moja.

Mwaka huu serikali ilileta ruzuku kwa wakulima wa pamba: mbegu, dawa ya wadudu na fedha kidogo za palizi kwa kila kaya. Siku ya kuandikisha Mama alikuwa amelazwa hospitali, nikaenda mimi. Bwana shamba ni mgeni, katokea Pwani. Akaniuliza, "Jina la mumeo, dada?" Nikamtaja Mama. Akaweka kalamu chini. "Nimeuliza mume. Kama huna, pisha wenzako." Watu nyuma yangu wakacheka, na mila wanaijua kabisa, ni yao. Nikamtaja yule mwanamume. Akaandikwa yeye mkuu wa kaya, mke mimi, watoto wawili.

Jamani, nilidhani ni karatasi tu. Siku ya malipo akaitwa yeye. Akachukua fedha, akachukua na dawa, tukasikia kaiuza Sirari, kule mpakani. Pamba yetu imeliwa na wadudu yote. Hilo ningelimeza. Lakini wiki iliyopita amekuja nyumbani mchana kweupe, kakalia kigoda cha Mama, anasema serikali imeshamtambua, kwa hiyo mwanangu mkubwa aende akachunge ng'ombe wake, na mdogo atafuata. Mimi hakunitaja. Mke anaye.

Tulikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Akasema kitabu kimeshapelekwa wilayani, na nikikana sasa itaonekana nimeidanganya serikali. Wazee wa ukoo nao wanasema nimemtaja mwenyewe, kwa kinywa changu, mbele ya watu.

Mama amepona nusu tu. Jana tukimenya mihogo akaniuliza taratibu, "Mwanangu, ulimtaja kwa kuogopa, au ulitaka?" Akasema kama niliogopa, atasimama nami mbele ya ukoo na kuwapigania watoto mpaka mwisho.

Niliendelea kumenya mihogo. Kuogopa niliogopa, lakini si hilo tu. Nilitaka walau mara moja watu wasikie kwamba na mimi nina mume. Nililisema lile jina na moyo ukafurahi, Mungu anisamehe. Nikimdanganya Mama, mzee wa watu atajidhalilisha kwa ajili ya uongo wangu. Nikimwambia kweli, watoto wanakwenda, naye anabaki na uzee wake bila nyumba. Hajauliza tena. Kila nikiingia ndani ananitazama tu, anasubiri. Ndugu zangu, nimjibu nini?