Kiti cha Alhamisi

Shuleni walimwita Babu Funguo. Alifungua madarasa asubuhi, akayafunga jioni, na katikati alitengeneza viti. Hakusoma. Funguo zote ishirini na tatu alizijua kwa kuzipapasa.

Mke wake alikuwa mpishi wa shule hiyohiyo. Walikuja pamoja, wakarudi pamoja, isipokuwa Alhamisi. Alhamisi mama alichelewa. "Masufuria," alisema. Babu hakuuliza zaidi. Mdomo wake ulikuwa mzito tangu ujana. Mwezi wa tatu mama alifariki.

Mwezi wa tano, akipita nje ya darasa la sita na misumari mfukoni, alimsikia mke wake akicheka.

Alichungulia dirishani. Watoto walikuwa wamezunguka kishikwambi mezani. Pembeni alikaa yule binti mtafiti wa chuo. Yeye aliwapa watoto vifaa warekodi vipindi vyao wenyewe, kama vya redio, aone kama hata wale wa viti vya nyuma wataongea. Kila mtoto alipofungua mdomo, binti aliweka alama daftarini.

"Bibi, ulipokuwa mdogo ulitaka kuwa nani?" sauti ya mtoto iliuliza kutoka kwenye kifaa.

"Mimi? Dereva wa lori! Lile kubwa, lenye tela. Msicheke, nyie!"

Darasa likaangua kicheko. Babu hakucheka. Miaka arobaini na moja walilala kitanda kimoja, na lori hilo hakuwahi kulisikia.

Kumbe masufuria ya Alhamisi ndiyo haya. Aliwaonea wivu watoto wa watu, na yule wa daftari zaidi. Sauti ile ilikuwa ya kwake.

Jumatatu kabati la vishikwambi halikufunguka.

"Babu, ufunguo uko wapi?" mtafiti aliuliza.

"Umepotea."

"Wewe upoteze ufunguo?" Mwalimu mkuu alicheka. "Huyu hajapoteza hata skrubu."

"Babu yangu, Ijumaa naondoka, na vifaa ni vya chuo."

"Tutautafuta."

Alikuwa ameukalia. Mchana, wote wakiwa uwanjani, alichukua kishikwambi akakipeleka stoo. Kikawaka. Kikadai namba ya siri. Alibonyezabonyeza kwa kidole chenye gundi mpaka kikagoma. Mke wake yumo humo, na yeye, mwenye funguo za shule nzima, hakuwa na ufunguo wa hapo.

Mlango ukasukumwa. Ni msichana wa darasa la sita waliyemwita Kimya, kafuata mpira.

"Usiseme," Babu alisema.

"Mimi si Kimya, Babu? Sisemi." Akakitazama kifaa. "Umekikasirisha, kiache kipumzike. Na hata kikifunguka, husikilizi bure. Anayetaka kusikiliza anauliza swali kwanza. Lake mwenyewe."

"Nani kaweka sheria hiyo?"

"Bibi. Alisema amechoka kukaa na watu wasiouliza."

Hilo lilimchoma kuliko la lori.

"Na la lori aliuliza nani?"

"Mimi. Ndiyo mara yangu ya kwanza kuongea darasani."

Alhamisi kabati lilikuwa wazi. "Umepatikana," Babu alisema. Kisha akaingia darasa la sita, kofia mkononi.

"Karibu, babu yangu," mtafiti alisema. "Sheria unaijua?"

"Naijua."

Watoto wakangoja. Maswali ya miaka arobaini na moja yalisukumana mlangoni, hakuna lililopita. Mwishowe:

"Alikuwa anakaa wapi?"

"Babu naye! Hilo nalo swali?" mmoja alicheka.

"Ni swali," Kimya alisema. Mtafiti akaweka alama mbili.

Wakamwonyesha. Kiti cha dirishani, chenye mguu mfupi. Aliambiwa akitengeneze tangu mwaka jana, akawa anasema kesho. Alikikalia. Kikayumba. Alhamisi zote hizo mama aliyumba hapo, wala hakumlalamikia.

"Weka la lori," alisema.

Kimya alibonyeza namba upesi, na Babu akakionea wivu hata kile kidole.

Kabla ya kuondoka, mtafiti alimhamishia vipindi vyote kumi na viwili kwenye kadi ya simu yake ndogo ya vitufe. Kiti alikitengeneza siku hiyohiyo.

Siku hizi husikiliza kimoja tu kila Alhamisi, baada ya kufunga madarasa. Kabla ya kubonyeza huuliza swali, kwa sauti. Lakini humo anayejibiwa na mama ni mtoto wa watu, si yeye. Hilo humkera. Alhamisi inayofuata huuliza jingine.